Fundi wa kaseti Gerezani: kazi safi, ila mwambie asisafishe sana

Kama una boksi la kaseti za mzee linaliwa na vumbi, mpelekee huyu fundi azihamishie kwenye kompyuta. Yupo Kariakoo, upande wa Gerezani, kibanda hakina bango. Ulizia fundi wa deki.

Anatoza 5,000 kwa kaseti ya dakika 90, na wala si ghali. Kaseti ya dakika 90 lazima iimbe dakika 90 huku kompyuta inarekodi, hakuna mkato. Kaseti moja ya baba, TDK, kile kisponji kinachokandamiza utepe kwenye hedi (kile kichwa cha deki kinachousoma utepe) kilikuwa kimebanduka. Akabandika kingine alichong'oa kwenye kaseti ya mahubiri (Mungu amsamehe). Kisha akafuta hedi kwa pamba na spiriti, akawa anaizungusha skrubu yake kwa bisibisi ndogo, taratibu, huku anasikiliza, mpaka tarumbeta zikaacha kusikika kama zimefunikwa blanketi.

Kaseti zenyewe ni Sikinde tupu, yaani bendi ya dansi ya Mlimani Park, zilizorekodiwa kutoka Radio Tanzania. Baba ameandika kila jalada kwa mkono, na kuanzia 1985, mwimbaji wao Gurumo alipohamia bendi ya Safari Sound, ameongeza kwa wino mwekundu: "bila Gurumo". Utotoni nyimbo hizi zilikuwa adhabu yangu ya Jumapili asubuhi. Ndefu, halafu watu wanalalamika tu!

Sasa fundi akanivalisha hedifoni nihakiki. Waimbaji wakamaliza kulalamika, magitaa yakachangamka, na nyuma ya solo nikasikia gitaa jingine linarudia kipande kilekile kidogo, halichoki, saksafoni zinalijibu. Kwenye redio ya sebuleni lile gitaa halikuwahi kunifikia. Nikamwomba arudishe nyuma. Akarudisha, nikamwomba tena.

Siku hizi nikipiga simu nyumbani, tukishamaliza shikamoo na habari za afya, baba ananiuliza nimefika kaseti ipi. "Hapo sikiliza Bitchuka anavyopokea kuimba, mama. Usiongee kwanza." Naye anasubiri kweli, salio linakwenda.

Kasoro ipo. Kaseti ya kwanza fundi aliipitisha kwenye programu ya kuondoa mchakacho. Mchakacho ukaondoka na matoazi yake. Akakata na sauti ya mtangazaji, akidhani ni uchafu. Baba aliposikiliza hakusema asante, alisema: "Mtangazaji yuko wapi?" Nikairudisha, fundi akairudia bure, bila kununa. Kwa hiyo mwambie mapema: usikate, usisafishe. Nenda na fleshi yako pia, zake sizipendi.

Nyota nne. Ya tano nimeizuia kwa sababu mafaili yote kayaita "wimbo 1", "wimbo 2". Baba anayatambua kwa sikio kwenye simu, mimi naandika majina, na tukifika kwenye "bila Gurumo" anataka niandike na hilo.