Tahadhari: Muuzaji wa Sarafu za Kale Zenye Vinubi na Tarumbeta Anatuuzia Bati

Ndugu wasomaji, na hasa ninyi wapiga ala na walimu wa muziki wenzangu mnaokusanya sarafu za kale zenye picha za ala, naandika kuwatahadharisha juu ya muuzaji mmoja anayetafuta wateja miongoni mwetu kwa Kiswahili fasaha na kwa upole mwingi, huku akiuza sarafu za kughushi kwa bei ya kushawishi. Jina lake silitaji kwa sababu halitawasaidia: katika miezi minne niliyowasiliana naye ametumia majina matatu na namba mbili za simu. Kitakachowasaidia ni kuzijua bidhaa zake na mwenendo wake, kwa kuwa majina hubadilika, lakini kalibu anayotumia, yaani umbo la kusubia nakala, ni ileile.

Bidhaa yake kuu ni zuz, yaani sarafu ya fedha ya waasi wa Uyahudi waliopigana na Warumi chini ya Simoni bar Kosiba, anayejulikana zaidi kama Bar Kokhba, tangu mwaka 132 hadi 135 baada ya Kristo. Upande mmoja huwa na kishada cha zabibu, au shada la majani lenye jina la Simoni kwa kifupi. Upande wa pili, katika baadhi ya aina, kuna kinubi au tarumbeta mbili zilizosimama wima, zimezungukwa na maneno ya Kiebrania cha kale yasemayo "Kwa uhuru wa Yerusalemu". Hekalu la Yerusalemu lilikuwa limeteketezwa mwaka 70, nao waasi wakachagua kuweka ala zake kwenye pesa zao, miaka zaidi ya sitini baadaye, wakati ambapo ni wazee wachache tu waliobaki ambao huenda waliwahi kuzisikia. Kwangu mimi ninayefundisha nyatiti, ambayo ni ndugu wa kinubi hicho, yenye mikono miwili na kijiti cha juu kinachoshika nyuzi, sarafu hiyo ilinigusa tangu siku ya kwanza nilipoona picha yake. Muuzaji alilitambua hilo mapema, na kila ujumbe wake ulianzia hapo.

Kuna jambo moja kuhusu zuz ambalo kila mnunuzi hana budi kulielewa kabla ya kutoa hata shilingi. Waasi hawakuyeyusha fedha na kutengeneza vipande vipya. Walichukua denari, yaani sarafu za fedha za Kirumi, pamoja na drakma, sarafu za fedha za majimbo ya jirani, zilizokuwa tayari mikononi mwa watu, wakazigonga upya kwa mihuri yao. Ndiyo maana kwenye zuz nyingi bado unaona mabaki ya chapa ya kwanza: pua ya Kaisari Vespasian ikichomoza chini ya zabibu, au herufi mbili tatu za jina la Kaisari Trajan zikizunguka ukingo. Kila denari ilikuwa imechakaa kwa namna yake, na iliwekwa chini ya nyundo ikiwa imeelekea upande wowote ule, kwa hiyo mabaki hayo ni kama alama za vidole vya mtu. Muhuri mmoja uliweza kupiga sarafu nyingi, lakini haiwezekani sarafu mbili ziwe na mabaki yaleyale, mahali palepale, kwa mwelekeo uleule.

Sarafu ya kwanza niliinunua kwa dola 140. Ilifika ndani ya bahasha iliyofungwa vizuri, pamoja na cheti chenye muhuri mwekundu. Cheti hicho hakikuwa na picha ya sarafu wala uzito wake, na leo najua kwamba cheti cha namna hiyo kinaweza kuambatanishwa na kitu chochote duniani. Upande wa zabibu, ukingoni, niliona herufi A, I na A zikiwa zimepinduka kichwa chini, na nikafurahi sana, kwa kuwa niliamini nimeshika denari ya Trajan iliyogeuzwa kuwa sarafu ya uhuru. Upande wa kinubi kulikuwa na mpasuko mdogo ukingoni, pale ambapo tarakimu 4 ingekaa kama sarafu ingekuwa uso wa saa, na karibu na mkono wa kushoto wa kinubi palikuwa na kishimo kidogo cha mviringo.

Wiki sita baadaye akaniambia amepata nyingine "kutoka kwa mkulima yuleyule", naye atanipunguzia hadi dola 120 kwa kuwa mimi ni mwalimu. Nililipa. Jioni ilipofika niliziweka mbili hizo ubavu kwa ubavu juu ya kitambaa cheusi, nikashika kioo cha kukuzia mara 10, na moyo ukanishuka. Herufi A, I na A zilikuwa pale pale, zimepinduka vilevile. Mpasuko ulikuwa penye tarakimu 4. Kishimo kilikuwa karibu na mkono wa kushoto. Tofauti pekee ni kwamba ya pili ilipakwa weusi zaidi, na ukingo wake ulikuwa umepigwa tupa kwa haraka hivi kwamba mikwaruzo yote ililala upande mmoja, na katikati ya mikwaruzo hiyo mshono wa kalibu ulionekana kama uzi mwembamba uliozunguka sarafu nusu nzima.

Nilipomwandikia, jibu lake lilikuwa la kitaalamu kiasi kwamba mtu asiyejua angelikubali. Alisema, "Mwalimu, hizi zimepigwa kwa muhuri mmoja, ndiyo sababu zinafanana, wataalamu wenyewe huzitambua hivyo." Sehemu ya maneno hayo ni kweli, na hapo ndipo hatari ilipo. Ni kweli kwamba wataalamu huzipanga sarafu hizi kwa mihuri. Mtaalamu wa sarafu Leo Mildenberg alichapisha mwaka 1984 uchunguzi mkubwa uliofuatilia mihuri ya vita hivyo mmoja baada ya mwingine. Lakini muhuri unaeleza kwa nini kinubi kinafanana na kinubi na zabibu zinafanana na zabibu. Hauwezi kueleza kwa nini mabaki ya jina la Trajan, ambayo hayakutoka kwenye muhuri wa waasi bali yalikuwemo ndani ya denari kabla haijagongwa, yanafanana nukta kwa nukta. Wala hauwezi kueleza mpasuko, ambao hutokea pale madini ya sarafu yanapopanuka chini ya nyundo na hauji mara mbili kwa umbo moja. Kufanana kwa namna hiyo kuna njia moja tu: mtu alichukua sarafu moja, huenda ya kweli, akatengeneza kalibu kutokana nayo, kisha akasubu nakala, na kalibu ikanakili kila kitu pamoja na makovu.

Niongeze hapa, ili nisimpotoshe mtu, kwamba zuz isiyo na mabaki yoyote si lazima iwe ya uongo, kwa kuwa nyingine zilisawazishwa au ziligongwa kwa nguvu hadi chapa ya kwanza ikafutika. Kinachohukumu ni mabaki yaleyale kujirudia.

Baada ya hapo nilizipima. Uzito ulikuwa gramu 2.58 na gramu 2.59, ilhali zuz nyingi za kweli hukaribia gramu 3 au huzidi kidogo, na hutofautiana wazi kwa kuwa denari zilizotumika zilikuwa zimechakaa kwa viwango mbalimbali. Kipimo kilichofuata kila mtu anaweza kukifanya nyumbani akiwa na mizani ndogo ya sonara. Weka kikombe cha maji juu ya mizani, irudishe kwenye sifuri, kisha ining'inize sarafu kwa uzi mwembamba ndani ya maji bila kugusa chini wala kando. Namba itakayoonekana ni uzito wa maji yaliyosukumwa. Gawanya uzito wa sarafu kwa namba hiyo. Fedha safi hutoa karibu 10.5, na fedha iliyochanganywa na shaba kidogo, kama ya denari za zama hizo, hukaa karibu na 10. Yangu ilisukuma gramu 0.34 za maji, na hesabu ikatoa 7.6. Bati ni 7.3. Hata kama mizani ilikosea kwa 0.01, matokeo hayawezi kufika kwenye fedha, kwa kuwa kipande cha fedha cha uzito huo kingesukuma takriban gramu 0.26 tu. Kisha nilichovya pamba katika asetoni, ile dawa ya kuondolea rangi ya kucha, nikaipitisha taratibu juu ya zabibu: pamba ikawa nyeusi, na chini yake ukatokea weupe wa kung'aa ambao haujawahi kulala ardhini hata siku moja. Nilimpelekea sonara wa mjini kwetu kwa uthibitisho. Aliigeuza mara mbili kwenye vidole akasema, "Mwalimu, hili ni bati lililopakwa rangi."

Muuzaji hakukataa kunirudishia pesa. Alikubali haraka mno, kisha akasema kwamba ili zitoke kwenye akaunti yake ya nje nitangulize dola 45 za bima na forodha kwa njia ya simu, nazo zitarudi pamoja na zile nyingine. Sikuzituma. Nilipomtaka anieleze kwa nini mwenye deni ndiye anayedai, alinifungia mawasiliano, na siku tano baadaye mwanafunzi wangu wa zamani akapokea ujumbe wa maneno yaleyale ya kwanza niliyopokea mimi, kutoka kwa namba nyingine na jina jingine.

Nimepitia picha zote alizonitumia, na zuz si bidhaa yake pekee. Ana tetradrakma, yaani sarafu ya fedha ya drakma nne, ya Shirikisho la Wakalkidiki wa Ugiriki ya kale, ile yenye kichwa cha mungu Apollo upande mmoja na kithara, kinubi kikubwa cha Kigiriki chenye nyuzi, upande wa pili, iliyopigwa Olynthus kabla Filipo wa Makedonia hajaubomoa mji huo mwaka 348 kabla ya Kristo. Picha aliyotuma ni ya kupendeza kweli, lakini si yake: niliikuta katika kumbukumbu za minada zinazohifadhiwa na tovuti ya acsearch, sarafu ileile yenye ukingo ulioumbika vilevile, ikiwa imeshauzwa miaka mingi iliyopita. Ukilipia picha hiyo, hujui utaletewa nini.

Anayo pia ile anayoiita "dinari ya dhahabu ya mfalme mpiga ala", yaani sarafu ya Samudragupta wa India, wa karne ya 4, inayomwonyesha mfalme ameketi akipiga vina, ala ya nyuzi ya Kihindi, aliyoipakata mapajani. Mpiga udi mmoja ninayemfahamu ameshatanguliza nusu ya bei yake. Kama nawe umetanguliza, usimalizie. Na kama ulilipa kwa njia ya simu au benki, toa taarifa kwa mtoa huduma leo hii, kwa kuwa kadiri siku zinavyopita ndivyo uwezekano wa kuzuia muamala unavyotoweka.

Ile hadithi yake ya mkulima nayo inapaswa kutushtua, hata kama sarafu zingekuwa za kweli. Alinieleza kwamba zimechimbuliwa shambani huko Israeli mwaka huu. Sheria ya Mambo ya Kale ya Israeli ya mwaka 1978 inakifanya kitu cha kale kilichogunduliwa tangu ilipoanza kutumika kuwa mali ya taifa, na kuvitoa vitu vya kale nje ya nchi kunahitaji kibali cha Mamlaka ya Mambo ya Kale. Basi ama anadanganya, ama anatuambia waziwazi kwamba anauza mali ya wizi. Muuzaji mwaminifu hukueleza sarafu ilikuwa katika mkusanyiko gani, iliuzwa katika mnada gani na lini, naye hachukii ukimwomba ushahidi.

Kwa anayefikiria kununua kwake au kwa mwingine anayefanana naye, ombeni picha ya ukingo wa sarafu, pande zote, siyo ya nyuso mbili tu. Ombeni uzito kwa gramu hadi tarakimu mbili baada ya nukta, ukionekana kwenye mizani ndani ya picha. Linganisheni na sarafu zilizowekwa wazi mtandaoni na Makumbusho ya Uingereza au Jumuiya ya Numismatiki (elimu ya sarafu) ya Marekani, ambazo hazitozi chochote. Mimi nilimwomba huyu picha ya ukingo kabla ya ununuzi wa pili, akanijibu kwamba kamera yake haiwezi kupiga kitu chembamba, nami nikamwamini kwa sababu nilikuwa nimeshaanza kuzipanga sarafu hizo moyoni kandokando ya nyatiti yangu.

Yeyote aliye na zuz ya kinubi aliyoipata katika miaka hii ya karibuni na aitoe sasa, aiweke chini ya mwanga wa pembeni, na atazame mambo matatu: herufi A, I, A zilizopinduka ukingoni juu ya zabibu, mpasuko penye tarakimu 4 upande wa kinubi, na kishimo cha mviringo karibu na mkono wa kushoto wa ala. Ukiyaona, imetoka kwenye kalibu ileile. Tafadhali usiiuze wala usimpe mtu. Ikwaruze neno BANDIA kwa ncha ya sindano, kama nilivyozifanyia zangu mbili, kisha utuandikie hapa uliinunua lini na kwa njia gani, ili tujue zimeshasambaa ngapi.