Toyota IST ya zamani: tunanunua gari au tunanunua herufi?

Wadau, karibuni sana. Gari la leo halihitaji kutambulishwa. Simama pale Mwenge dakika tano uzihesabu, utachoka mwenyewe. Toyota IST, ile ya kizazi cha kwanza, iliyoingia sokoni Japani mwaka 2002 na kukoma 2007. Hii nimeazima kwa rafiki yangu, ni ya 2004, injini ya 1.3, rangi ya fedha kama nusu ya IST zote za Dar. Tumezunguka nayo mjini, tumekwenda nayo Morogoro, na jana usiku nimeilaza hapa uani makusudi ili asubuhi hii injini iwe ya baridi kabisa. Sababu yake mtaiona baadaye kidogo.

Swali ninaloulizwa kila mara ni hili: gari la miaka ishirini, bei haishuki, bado ninunue? Nunua. Nawajibu mapema ili mwenye haraka aende zake. Ila wengi wetu tukifika yadi tunalipia kitu ambacho hakiko ndani ya gari. Tunalipia herufi ya kwanza ya namba ya usajili, ambayo husogea mbele kadiri magari yanavyosajiliwa: C ni ya zamani, E ni ya karibuni.

Utakuta IST mbili zimepangwa pamoja, zote za 2003, moja namba C, nyingine namba E. Ya namba E imepandishwa mamilioni juu ya mwenzake. Ukimuuliza dalali kwa nini, anakuangalia kama umetoka sayari nyingine: "Bosi, hii ni namba E!" Haya, mantiki ipo kidogo. Haijala mashimo yetu kwa muda mrefu, pengine haijafanya kazi ya teksi, haijapita kwa mafundi kumi. Lakini ile herufi inakwambia lini gari limesajiliwa Tanzania, basi. Haikwambii lilikotoka. Gari la 2003 lililosajiliwa namba E limeishi Japani karibu miaka ishirini, na kama liliishi kule kaskazini, Hokkaido, barabara zinamwagiwa chumvi wakati wa theluji. Juu linang'aa, chini limeliwa na kutu. Mimi nikipewa namba C yenye mmiliki mmoja na daftari la sevisi, na namba E isiyo na historia, sihangaiki kuchagua.

Halafu kuna kodi, na hapa naomba mnisikilize vizuri. TRA wana kikokotoo chao cha magari yaliyotumika, na thamani wanayoifuata ni ya kwao, siyo risiti uliyotumiwa na muuzaji wa Japani. Tuchukue thamani hiyo ni 100, hesabu iwe nyepesi. Ushuru wa forodha asilimia 25, tumefika 125. Ushuru wa bidhaa kwa injini ya kuzidi cc 1,000 mpaka 2,000 ni asilimia 5 ya hiyo 125, ongeza 6 na robo. Anakuja bwana uchakavu, ushuru wa gari kuukuu: gari likizidi miaka 10 ni asilimia 30, hapo 37 na nusu. Tuko karibu 169. Juu ya yote hayo weka VAT ya asilimia 18. Tumegonga 199, na bado tozo ndogondogo, bandari na usajili. Umeona? Gari la 100, kodi 99. Gari lenye injini kama hiyo lakini halijafika miaka 8 lingeishia kwenye 155, japo thamani yenyewe ya kuanzia ingekuwa kubwa zaidi.

Kwa hiyo aliyeagiza IST juzi na kuiweka namba E, sehemu kubwa ya bei anayokutajia ni kodi anayotaka umrudishie. Sina ugomvi naye, ni biashara. Lakini kodi haibebi abiria. Ukilijua hilo, hata namna yako ya kupatana inabadilika.

Tufungue boneti. Sogeza kamera hapa, nyuma ya injini, kwenye huu ukuta. Namba ya chesisi. Ikianza na NCP60 ni injini ya 1.3, NCP61 ni 1.5, na NCP65 ni 1.5 inayovuta miguu yote minne. Nimesimama mara nyingi nikisikia mtu anauziwa 1.3 kwa bei ya 1.5, na jibu limeandikwa hapa wazi. Mwaka nao usiuchukue kwa mdomo. Vuta mkanda wa siti mpaka mwisho, chini kabisa kuna kitambaa chenye mwaka mkanda ulipotengenezwa. Gari haliwezi kuwa la 2006 likiwa na mikanda yote ya 2002.

Injini zenyewe ni 2NZ ya cc 1,298, nguvu farasi 87, na 1NZ ya cc 1,496, karibu farasi 110. Zote zina VVT-i, mfumo wa kubadilisha muda wa kufunguka kwa vali, na zinatumia cheni ya taimingi, siyo mkanda. Na hapa ndipo sifa ya IST ilipo, kwa maoni yangu. IST yenyewe kama gari ni ya kawaida tu. Kinachoibeba ni kwamba hiyo 1NZ iko kwenye Probox, Succeed, Raum, Porte, Sienta, Spacio, Premio na Allion za 1.5, Vitz pia. Hata Prius ya zamani injini yake ni ya ukoo huo. Kwa hiyo ukienda Gerezani pale Kariakoo kutafuta sensa au pampu ya maji, hutafuti spea ya IST peke yake, unatafuta spea ya magari kumi. Mpya ipo, ya Dubai ipo, feki ipo, fungua macho. Na fundi wa Tunduma ameshaifungua, na wa Bukoba ameshaifungua. Wenzetu mlioko Marekani, hili gari mliuziwa kwa jina la Scion xA, la 1.5, mpaka 2006.

Sasa injini baridi. Muuzaji akikuambia "njoo, nimeshaliwasha linakusubiri," mwambie alizime, utarudi kesho. Gari la moto linaficha mambo. Nawasha... sikilizeni. Sekunde ya kwanza hakuna mlio wa cheni. Kama oili imekuwa haibadilishwi kwa wakati, hapa mngesikia mkwaruzo kama mnyororo kwenye bati, halafu unapotea. Nyuma kule, kwenye ekzosi: moshi mweupe mwepesi wa asubuhi hauna neno. Wa bluu maana yake injini inakula oili, na kwa hizi za umri huu zinazokula oili zipo. Fungua na kifuniko cha oili uchungulie. Ukiona tope jeusi kama lami, mpe mwenyewe funguo zake.

Gia. Hii ni otomatiki ya hatua nne, ya kawaida, siyo CVT, ile isiyo na hatua, na mimi naipenda kwa sababu hiyo hiyo. Mguu kwenye breki, toa P weka D. Inatakiwa iingie taratibu ndani ya sekunde moja hivi. Ikichelewa halafu ikapiga teke, hapo kuna gharama. Ukiwa barabarani ihisi inapotoka mbili kwenda tatu. Injini ikipiga kelele kabla gia haijashika, inateleza. Toa kijiti cha oili ya gia: iwe nyekundu au kahawia nyepesi. Nyeusi yenye harufu ya kuungua, achana nalo. Na ukishanunua, usikubali fundi akuwekee oili ya gia "yoyote nzuri". Angalia aina iliyoandikwa, nyingi za hizi ni Type T-IV.

Jamani, umri wa gari siuogopi kama ninavyoogopa tuliyolifanyia. Gari likichemsha mara moja, fundi anang'oa themostati, ile vali inayozuia maji yasizunguke kwenye redieta mpaka injini ipate joto, anaitupa, anasema "hii ni ya nchi za baridi." Si kweli. Injini bila themostati haifiki joto lake, kompyuta inadhani bado ni asubuhi, inaendelea kumwaga mafuta. Halafu mwenye gari analalamika IST yake inakunywa. Nenda barabarani uone: ukiwa unatembea vizuri halafu injini inakaa baridi muda wote, uliza. Feni nayo, ukiwasha tu swichi inaanza kuzunguka na haikomi, ujue imeunganishwa moja kwa moja. Kuna mtu alikuwa anakwepa tatizo. Maji ya redieta yakiwa ya kutu badala ya kuwa na rangi ya kipozi, ni habari ileile.

Masega ya kwenye ekzosi, yale ya kusafisha moshi, wengine wameshayatoa na kuyauza. Na hii ya kunyanyua: IST inakaa chini kidogo kwa barabara zetu za mtaani, kwa hiyo watu wanaweka spesa juu ya shokapu, na rimu kubwa juu yake. Inapendeza, sikatai. Ila miguu ya mbele inakaa kwa pembe ambayo haikupangiwa, CV joint, viungo vya ekseli za mbele, zinaisha haraka, na kwenye kona kwa spidi gari linaelea. Kata usukani mpaka mwisho, zunguka polepole. Ukisikia tak-tak-tak mguu wa mbele, punguza bei au hama.

Kuendesha. Mjini hapa ndipo nyumbani kwake. Urefu haufiki mita 3.9, upana chini ya mita 1.7, unaingia sehemu za kuegesha ambazo mwenye Harrier anapita akisonya. Usukani mwepesi, AC ya hii bado inauma hata foleni ya Ubungo saa nane mchana. Mafuta, kwa foleni ya Dar, tegemea kilomita 10 mpaka 12 kwa lita ikiwa gari zima. Anayekuambia 18 anakusomea takwimu za majaribio ya Japani. Barabara kuu ikinyooka na mguu ukiwa mpole, 15 inawezekana.

Barabara ya Morogoro ndipo 1.3 inaonesha umri. Watu wawili na begi, hakuna shida. Watu wanne na mizigo, kulipita lori ni jambo la kupanga mapema, siyo la kubahatisha. Na basi kubwa likikupita kwa kasi, upepo wake unalisukuma gari, shika usukani. Kama wewe ni mtu wa kwenda Iringa au Mbeya kila mwezi, chukua 1.5, au chukua gari lingine kabisa. Mlima Kitonga na familia ndani ya 1.3 utapanda, ila zima ile O/D, gia ya juu kabisa, kwenye mkono wa gia uliache livute, na uteremke na gia vilevile, usikae juu ya breki.

Ndani sina maneno mengi. Spidomita iko katikati ya dashibodi, wapo wanaoizoea siku ya kwanza, mimi mpaka leo naitafuta mbele ya usukani. Siti za nyuma watu wawili wazima wanakaa kwa amani, watatu wanakaa kwa kuvumiliana. Buti ni dogo. Gunia la mkaa na mtoto wa shule vitashindana.

Mifuko ya hewa msiisahau. Magari mengi ya Kijapani ya miaka hii yaliitwa kubadilishiwa mifuko ya Takata, kwa sababu kilipuzi chake kikizeeka, hasa kwenye joto na unyevu kama wetu, kinaweza kupasuka na kurusha vyuma. Toyota ya Japani ina sehemu mtandaoni ya kuangalia kwa namba ya chesisi. Angalia, ni bure.

Ukiamua kuagiza mwenyewe, dai karatasi ya mnada, ile ripoti ya ukaguzi wa gari kwenye mnada wa Japani. Daraja 4 ni zuri, 3.5 linavumilika kwa gari la umri huu, R au RA maana yake liligongwa likatengenezwa. Kwenye mchoro, A ni mkwaruzo, U ni kubonyea, W limeshanyooshwa hapo, S ni kutu. Muuzaji anayesema karatasi imepotea, na wewe potea.

Wa Kenya, hamwezi kuagiza hii kwa sababu ya ile sheria ya miaka 8, na Uganda ni miaka 15, kwa hiyo mtaangalia zilizoko ndani tayari. Na kwa anayeuliza Passo au Vitz ya 1.0: ushuru wa bidhaa kwa cc 1,000 kushuka chini ni sifuri, mafuta zinakula kidogo zaidi, lakini injini ya nyingi ni ya silinda tatu, inatetemeka, na ukibeba watu wanne na AC utaizima AC mwenyewe kwenye mlima wa Kimara. Kwa mtu mmoja wa kazini na nyumbani, Passo inatosha kabisa, wala usione aibu.

Makaratasi ni ya haraka. Jina kwenye kadi lifanane na kitambulisho cha anayekuuzia, namba ya chesisi ya kwenye kadi ifanane na ile ya ukutani pale, siyo kwa kuangalia juujuu, herufi kwa herufi. Angalia faini za trafiki na madeni ya maegesho ya TARURA kwa namba ya gari kabla hujatoa hata shilingi, maana yanafuata gari. Malipo yapite benki. Na fundi wa kulikagua awe uliyemleta wewe. Yule anayekusubiri pale yadi ameshalikagua tayari, kwa niaba ya muuzaji.