Uzoefu wangu na ArchiCAD: kufanya plani za sakafu zote zikae sehemu moja kwenye kila shiti

Kwa kazi ya kupanga michoro kwenye shiti, ArchiCAD, programu ya kuchorea majengo, naipa nyota nne kati ya tano. Hiyo ya tano imekatwa kwa sababu mpangilio unaobeba kazi yote umejificha ndani ya dirisha la mipangilio ya mchoro, na wachoraji wengi hawajawahi kuugusa.

Hapa Kigoma tatizo linajitokeza mapema. Viwanja vingi vinateremka kuelekea Ziwa Tanganyika, kwa hiyo nyumba inakuwa na vyumba viwili vitatu chini, halafu sakafu ya juu yake inatanuka mpaka usawa wa barabara. Plani ya chini ndogo, ya juu kubwa. Ukiiweka kila moja katikati ya karatasi yake kwa kukadiria na macho, nguzo A1 inakuwa huku kwenye shiti ya kwanza na kule kwenye ya pili. Fundi anayebandika shiti mbili dirishani aone kama nguzo zinapandiana haambulii kitu.

Mchoro ukishawekwa kwenye leyauti (ukurasa wa shiti ndani ya programu), ArchiCAD inaushikilia kwa pointi moja. Unaweza kuchagua mojawapo ya pointi tisa za fremu (kona nne, katikati ya kila upande, na kitovu), au orijini ya mradi wenyewe, yaani sifuri yake ya vipimo. Kona na kitovu vinafuata ukubwa wa fremu. Ongeza mstari wa vipimo nje ya ukuta, au sahau kipande cha mstari mita 30 pembeni ya jengo, fremu inatanuka na jengo linahama. Ndiyo sababu shiti iliyokuwa sawa inakutwa imesogea na hakuna aliyeigusa. Ukishikilia kwa orijini, fremu itanuke itakavyo, jengo halitikisiki.

Ili orijini ifae, jengo lichorwe juu yake tangu mwanzo: makutano ya gridi A na 1 (mistari ya nguzo) yakae kwenye sifuri ya mradi. Tahadhari, ile sifuri unayoweza kuisogeza wakati wa kuchora ni ya mtumiaji, si ya mradi. Kuisogeza hakubadilishi chochote kwenye shiti. Kama jengo lilishachorwa mbali, washa leya zote (tabaka za mchoro), fungua kufuli zake, tumia kizingio kinachoshika sakafu zote kwa pamoja, kisha hamisha kila kitu mara moja. Leya iliyozimwa inabaki nyuma, na utagundua pale paa litakapokaa mbali na kuta zake.

Baada ya hapo kazi ni nyepesi. Weka plani ya kwanza kwenye leyauti, chagua orijini kama pointi ya kushikilia, isogeze mpaka upende ilipokaa. Pima nafasi kwa plani kubwa kuliko zote, si kwa ile ya chini. Nyumba ya mita 14 kwa 11 kwa skeli ya 1:100 inachukua milimita 140 kwa 110, na A3 ni 420 kwa 297, kwa hiyo vipimo na jedwali la milango vinapata nafasi. Sasa nakili mchoro huo, fungua leyauti inayofuata, bandika ukichagua mahali pake pa asili. Ingia kwenye mipangilio yake, uunganishe na mwonekano (sura ya mchoro iliyohifadhiwa) wa sakafu ya juu. Plani mpya inaangukia palepale. Njia hii naiamini kuliko kuburuta kwa mkono na kutegemea kipanya kinase kwenye pointi.

Kuna mitego mitatu hapo. Fremu uliyoikata kwa mkono inanakiliwa pia, kwa hiyo paa lililotokeza milimita 600 linakatwa milimita 6 kwenye karatasi. Rudisha fremu ifuate mchoro. Jina uliloliandika kwa mkono chini ya mchoro linabaki la sakafu ya chini. Liache lichukuliwe kutoka kwenye mwonekano. Tatu, angalia ukuzaji usome asilimia 100. Mwonekano wa 1:50 ukilazimishwa kukaa kwa 1:100 unaweza kupunguzwa nusu, na maandishi ya milimita 2.5 yanakuwa 1.25. Hayo kwenye fotokopi hayasomeki.

Kwenye kompyuta ndogo yenye memori kidogo, michoro inayojisasisha yenyewe inachosha. Naweka isasishwe kwa amri, na kabla ya kutoa PDF nasasisha yote kwa pamoja. Ukisahau, ukuta ulioondolewa unabaki kwenye shiti.

Kukagua ni rahisi: fungua PDF, onyesha ukurasa mmoja mmoja, ruka kutoka plani hadi plani. Gridi A na 1 zikicheza hata kidogo, kuna mchoro ulioshikiliwa kwa kona. Stesheneri waambie wachape kwa asilimia 100. Wakiacha printa ijaze ukurasa yenyewe, skeli inaharibika, ingawa mpangilio utaonekana sawa. Mstari wa skeli uliochorwa ndani ya shiti unamfichua aliyekosea.

Walioko AutoCAD, programu nyingine ya kuchora, wasijione wametengwa. Panga sakafu kando kwa kando kwa umbali kamili, tuseme 50000 kama unachora kwa milimita, kisha nakili leyauti nzima. Ingia ndani ya dirisha la mchoro, andika -PAN (amri ya kusogeza mwonekano), toa pointi 50000,0 na ya pili 0,0. Litie kufuli dirisha hilo baada ya hapo, la sivyo gurudumu la kipanya litakuvuruga. Inafanya kazi vizuri, ila kila hesabu ni yako. Revit, programu nyingine tena ya majengo, nayo ina gridi ya mwongozo unayoiwasha kwenye shiti kadhaa, ukanasisha mistari ya jengo juu yake.

Ramani ya mpimaji inayokuja kama PDF haiijui orijini ya mradi wako, kwa hiyo mbinu hii haiigusi. Hiyo ingize kwenye plani ya kiwanja, isahihishe ukubwa na uelekeo kwa mawe mawili ya mpaka unayojua umbali wake, ndipo uipeleke kwenye shiti kupitia mwonekano uliohifadhiwa.