Fundi wa kanda nyuma ya Darajani: Bi Kidude katoka kama alivyo

Mwenye kanda za zamani nyumbani, za harusi, za maulidi au za taarabu, asizitupe, na wala asimkabidhi kila anayesema anajua kuzihamisha kwenye flashi. Duka ninalolisifu hapa halina bango. Liko uchochoroni nyuma ya soko la Darajani, mjini Zanzibar: mlango mmoja wa mbao, ndani deki mbili za kaseti, kompyuta, feni, na rafu zilizojaa redio zilizofumuliwa. Fundi ni mtu mzima, mpole, hapigi kelele za biashara. Ukimpa kanda haitii kwenye mashine papo hapo. Anaitoa kwenye kasha, anaiangalia mwangani, anauzungusha mkanda taratibu kwa kalamu ya risasi, kisha ananusa. Nilipomwona ananusa nikajua nimefika kwa mwenyewe. Mkanda ulioota ukungu una harufu yake, na ukipitishwa kwenye deki na ukungu wake unachafua hedi, kile kichwa kinachousoma mkanda, na kuharibu kanda itakayofuata.

Kanda nilizompelekea ni za marehemu mama. Alikuwa na redio kaseti yake ya betri, na kila alipoalikwa harusi ya mtaa wa Ng'ambo ambayo Bi Kidude, yule mwimbaji wetu wa taarabu na unyago, atakuwepo alikwenda nayo, imeviringishwa ndani ya kanga. Kwa hiyo hizi si rekodi za studio. Hamna fidla wala ganuni. Mna ngoma, wanawake wanaoitikia, watoto wanaolia, sahani zinazogongana jikoni, na juu ya yote hayo sauti ya bibi ambaye hakuhitaji kipaza sauti. Sidii zake zilizotolewa Ulaya zipo, nami ninazo na ninazipenda, lakini zile mtu yeyote anaweza kununua. Hizi za mama zikipotea zimepotea.

Nieleze kwa nini zina uzito kwangu. Mimi napiga sanduku katika kikundi cha kidumbak. Kwa asiyeijua ngoma hii, kuna fidla inayoongoza, vidumbak viwili (ngoma ndogo), cherewa za kutikisa, mkwasa wa vijiti vya kugonganisha, na sanduku la mbao lenye fimbo na kamba ambalo ndilo besi yetu. Mwanamke katika kidumbak anategemewa aimbe, acheze, atuze. Sanduku huwa la mwanamme. Nilipoanza kulipiga, shangazi yangu aliniita chumbani akaniuliza nani atanioa akiniona nimekaa mbele za watu nimeikumbatia fimbo ile. Sikuwa na hoja ya kumpa. Nilimwambia tu, "Shangazi, mbona Bi Kidude anapiga msondo?" Akanyamaza. Msondo ni ngoma ndefu, na Bi Kidude alikuwa akiifunga kiunoni kwa kanga, akaiweka katikati ya miguu, akaipiga amesimama, na shangazi mwenyewe alikwishacheza ngoma ile mpaka alfajiri.

Tangu siku hiyo yule bibi ndiye kipimo changu. Nikiambiwa jambo halimfai mwanamke, au halimfai mtu wa umri wangu, najiuliza Bi Kidude angefanyaje, na mara nyingi jawabu linakuja haraka.

Watu wakimtaja huanza na sigara na pombe, kama kwamba hayo ndiyo yaliyomfanya awe yeye. Mimi sivuti, sinywi, wala sikumpenda kwa hayo. Jina lake hasa ni Fatuma binti Baraka, mzaliwa wa Mfagimaringo, baba yake muuza nazi. Mwaka wake wa kuzaliwa hakuna aliyeuandika. Yeye mwenyewe alikuwa akitaja zama za rupia, na rupia Zanzibar zilikoma mwaka 1936. Aliikimbia ndoa, akatembea bara kwa miguu akiimba, akarudi kwao. Akaishi kwa ngoma, kwa hina na wanja alivyovitengeneza mwenyewe, na kwa dawa za miti. Nyimbo alizirithi kwa Siti binti Saad, yule aliyekwenda Bombay mwaka 1928 akarekodi santuri za Kiswahili kabla ya mwanamke mwengine yeyote wa pwani hii. Na alipoziimba hakujifanya Siti. Siti ana sauti nyembamba inayopenya. Ya Bi Kidude ni nzito, ina mikwaruzo, inatoka tumboni.

Jambo ninalolirudia kila nikimfikiria ni hili: mtu huyu aliyevuka adabu nyingi za mji ndiye aliyekuwa kungwi. Alikuwa mshika unyago. Watu wenye heshima zao, ambao wasingetaka binti zao wafanane naye, walimpelekea binti hao hao awafunze. Mila hakuitupa. Aliishika kwa mikono miwili, akaacha ile sehemu tu inayotaka mwanamke aombe ruhusa kwanza. Wengi tunadhani lazima tuchague, ama tufuate vya wazee tunyamaze, ama tuseme tunalotaka tuviache vya wazee. Yeye alifanya yote mawili na hakuona tabu. Mwaka 2005 alipopewa tuzo ya WOMEX, maonyesho ya muziki wa dunia, kule Newcastle, Uingereza, alikwenda na koo lile lile. Alipokuja kuimba "Ahmada" na Offside Trick, vijana ambao kwa umri ni vitukuu vyake, koo ni lile lile. Hawakumgeuza wao, wao ndio walijipanga kumzunguka.

Alifariki 17 Aprili 2013, Bububu. Tangu hapo naona analainishwa. Anasemwa kama bibi mzuri wa kisiwani, mchekeshaji, wa kupiga naye picha. Ukisikiliza kanda za harusi huyo bibi humpati. Unampata mtu anayemkatiza mwitikiaji aliyekosea pigo, anayesema wimbo urudiwe, anayesimamisha shughuli nzima mpaka ngoma ipashwe moto ikaze.

Sasa turudi kwenye huduma, maana ndipo tofauti ilipo. Kabla ya kumjua fundi huyu nilipeleka kanda moja duka jengine, silitaji. Nilirudishiwa faili safi mno. Mvumo wote wa mkanda umeondolewa kwa programu, watoto wamepotea, sahani zimepotea, na Bi Kidude anasikika kama anaimba ndani ya mtungi. Ile mikwaruzo ya sauti, kompyuta iliihesabu kuwa ni uchafu wa kanda, ikaifuta pamoja na uchafu. Kijana aliyeifanya alijivunia kazi yake na hakuelewa kwa nini nakunja uso. Bahati kanda yenyewe ilikuwa nzima, nikaichukua nikaondoka.

Fundi wa Darajani nilimsimulia hayo. Akasema, "Mwanangu, mimi kazi yangu kutoa kilichomo. Kusafisha utasafisha wewe ukipenda, baadaye, kwenye nakala." Na ndivyo alivyofanya. Kwanza alisafisha hedi kwa spiriti na pamba, akafanya hivyo tena kila baada ya upande mmoja. Kanda mbili zilikuwa zimedondosha kile kipedi kidogo cha sufi kinachoubana mkanda kwenye hedi. Bila hicho sauti inakuja na kupotea. Alizifungua, akauhamishia mkanda kwenye kasha jengine zima lenye skrubu. Halafu akashika bisibisi ndogo akawa anaugeuza mlalo wa hedi kidogo kidogo huku anasikiliza. Kila redio kaseti ilirekodi kwa mlalo wake, na deki isipolingana nayo mlio wa juu unakufa: cherewa hazisikiki, herufi za sini hazisikiki. Alipopata pale pake, vigelegele vilitoka kwenye spika mpaka muuza viatu wa mlango wa pili akachungulia.

Kubwa zaidi lilikuwa la kasi. Redio ya mama ilikuwa ya betri, na betri zikichoka mota inakwenda polepole. Mkanda uliorekodiwa polepole ukipigwa kwa kasi ya kawaida sauti inapanda. Kwa hiyo kadiri upande unavyokaribia mwisho, Bi Kidude alikuwa anageuka kitoto na ngoma zinakuwa vikopo. Fundi akaniuliza kama kuna sauti yoyote kwenye kanda ninayoijua kwa hakika. Ipo. Mwanzoni, na tena alipogeuza upande, mama anasema, "Imeshika? Naona imeshika." Fundi akawa anapunguza kasi, ananitazama, na mimi nasema bado, bado, mpaka mama akawa mama. Hapo ndipo alipopafanya msingi, kisha akaishusha kasi hatua kwa hatua kuelekea mwisho wa upande kwa kufuata pigo la ngoma. Kazi hiyo peke yake ilimchukua mchana mzima, na hakuitoza zaidi.

Lipo na suala ambalo wanawake wa hapa mtataka kulijua. Upande mmoja wa kanda una nyimbo za unyago. Hizo hazisikilizwi na wanaume, na mama asingenisamehe. Najua Bi Kidude aliipandisha ngoma ya unyago majukwaani, mbele ya wanaume na wageni, na wapo makungwi waliochukizwa. Mimi namtetea katika hilo, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa na mamlaka ya kuamua kipi kitoke na kipi kibaki ndani, na alibakisha mengi. Mamlaka hayo mimi sinayo. Nilimweleza fundi kwa haya, nikidhani ataona ni usumbufu. Hakuuliza swali la pili. Alizima spika, akanipa visikilizio, akanielekeza nitazame taa za deki zisifike nyekundu, akatoka nje akakaa barazani mpaka upande ukaisha. Kompyuta ilirekodi, mimi nikasikiliza, na faili lile alinionyesha jinsi ya kulihamisha mwenyewe na kulifuta kwenye mashine yake.

Kuhusu matokeo. Alinipa kila upande katika faili mbili: moja kubwa la WAV, biti 24, ambalo kwa saa moja linakula kama gigabaiti 2, na jengine dogo la MP3 la kusikiliza kwenye simu. Watu wengi huchukua hilo dogo tu kwa kuogopa kujaza flashi. Chukueni yote mawili. Dogo likishaminywa halirudi, na kanda haitachezeka milele, khasa kwa joto na chumvi ya hewa yetu. Ubora ni wa kuridhisha sana. Mvumo upo, na uache uwepo. Baada ya dakika moja sikio linauzoea. Katika "Muhogo wa Jang'ombe" iliyoimbwa bila chombo ila ngoma na makofi, unasikia pumzi yake kabla ya kila mstari. Ni pumzi fupi, ya mtu mzima, halafu mstari wenyewe unatoka mrefu kupita pumzi hiyo. Nimeupigia wimbo ule sanduku mara nyingi na nilikuwa nakokota mwisho wa ubeti, nikiamini ndivyo ulivyo. Kumbe yeye hakokoti. Anakata, anaiacha ngoma peke yake, halafu anarudi akiwa amechelewa makusudi. Kikundi chetu sasa tunaufanya hivyo, na mpiga fidla wetu, ambaye si mwepesi wa kukubali, amekubali.

Bei ni shilingi 10,000 kwa kanda, na kanda inayotaka kasha jipya unaongeza 3,000. Flashi unaleta yako. Kwa kazi niliyoiona ni rahisi. Kasoro zipo. Mahali ni padogo na pana joto, kiti ni kimoja. Umeme ukikatika katikati ya upande anaanza tena mwanzo, kwa hiyo ahadi ya siku mbili inaweza kuwa wiki. Hatoi risiti, anaandika kwenye daftari, na mwandiko wake ni yeye tu anayeusoma. Majina ya faili anayaacha nambari tupu, kwa hiyo kaa chini usikilize uyaandike mwenyewe ungali na mtu mzima nyumbani wa kukutambulisha nani anaitikia na harusi ilikuwa ya nani. Mimi shangazi ndiye aliyenisaidia. Yule yule. Alizitambua sauti tano za waitikiaji, na moja ikawa yake.

Kwa wenye kanda za redio au za kununua dukani, ambazo nakala zake zimejaa mtandaoni, sioni haja ya kuhangaika. Kwa kanda za nyumbani, nendeni. Nendeni asubuhi kabla soko halijachangamka, msizirudishe nyuma kwa deki mbovu kabla ya kuzipeleka, na kama kuna upande wa unyago mwambieni mwanzo kabisa, ili apange siku ambayo duka halina wateja wengine.