Miaka mitatu ya Mawasiliano ya Umma na studio yenye kufuli

Nimeanza kuandika haya kuhusu shahada yangu ya Mawasiliano ya Umma mara mbili nikafuta. Mara ya kwanza yalijaa matusi, mara ya pili nikajikuta nawatetea walionifundisha. Safari hii nayaacha yatoke yanavyotoka. Anayetaka sifa za kujiunga, ada na orodha ya masomo akaangalie kwenye tovuti za vyuo, yote yapo. Mimi nina neno kuhusu mlango mmoja tu.

Mlango wa studio. Wiki ya kwanza tulitembezwa humo kundi zima: ukutani sponji nyeusi ya kumeza mwangwi, mezani miksa na maikrofoni mbili zimeinamisha vichwa, juu ya mlango taa nyekundu inayowaka mkiwa hewani. Niliipiga picha ile taa nikamtumia kaka yangu, nikamwambia hapa ndipo nilipo. Baada ya siku hiyo studio niliiona kwa kupitia kioo. Kufuli lipo, ufunguo anao mtunza stoo, mtunza stoo anataka barua ya mkuu wa idara, mkuu wa idara yuko kikaoni. Ukirudi kesho yake, kikao kinaendelea. Ukiuliza sana unaambiwa vifaa ni ghali, vitaharibika mikononi mwa wanafunzi. Sasa vilinunuliwa viguswe na nani?

Kwa hiyo redio tuliisomea ubaoni. Mwaka wa pili kwenye mtihani wa utangazaji liliulizwa swali la namna ya kulinda ubora wa sauti unaporekodi mahojiano nje ya studio. Nilijaza ukurasa: vaa hedifoni muda wote, rekodi sekunde chache, simamisha, sikiliza, ndipo uanze, tazama mita ya kiwango cha sauti, vilele vya sauti vicheze karibu na desibeli 12 chini ya sifuri na visiiguse sifuri, ndipo ukomo wa kifaa, ukimaliza, rekodi nusu dakika ya ukimya wa chumba, itakusaidia wakati wa kuhariri. Yote ni sahihi, hata leo ningejibu vilevile. Nilipata alama karibu zote, na pembeni mhadhiri akaandika "Safi" kwa kalamu nyekundu. Wakati huo kidole changu hakijawahi kugusa kinasa sauti chochote zaidi ya simu.

Mwaka wa mwisho ukaja mradi: makala ya redio ya dakika 15, kila mtu na yake. Nilimpata mama mmoja, mtangazaji mstaafu, aliyekubali kunisimulia maisha yake ya kazi. Nilimwamkia kwa simu siku tatu mfululizo kabla hajakubali, kwa hiyo mnaelewa mahojiano yale yalikuwa na thamani gani kwangu.

Asubuhi ya siku yenyewe nilikuwa wa kwanza kwenye dirisha la stoo. Nikapewa begi lililokatika zipu, ndani yake kinasa sauti, maikrofoni na waya. Hedifoni hamna. Nikaziomba. "Za nini? Wewe unarekodi, husikilizi." Nikavumilia. Nikamwomba basi anionyeshe mahali pa kupunguza kiwango cha sauti inayoingia, maana maandishi kwenye vitufe yalishafutika kwa kushikwashikwa. Mtunza stoo hakuinua hata macho kwenye daftari lake. Akasema kwa sauti ya kusikika mpaka mwisho wa foleni, "Mwaka wa tatu huu! Hamkufundishwa?"

Nyuma yangu walikuwa wenzangu watano. Wawili walicheka, na ninawajua, na wao wenyewe walikuwa hawajui. Nilisaini nikaondoka na begi nimelikumbatia kama mtoto mgonjwa.

Mama yule alizungumza saa nzima. Nilikuwa nimeshika maikrofoni karibu na kidevu chake, taa ndogo kwenye kifaa inapepesa nyekundu kila akifungua kinywa, na mimi kwa ujinga wangu nikadhani kupepesa kule ndiko kurekodi. Kumbe ilikuwa inanipigia kelele. Usiku nikaihamishia sauti kwenye kompyuta. Kila neno lilikuwa limepasuka, kama spika iliyochanika. Mnaofanya kazi hii mnajua: sauti ikiingia kubwa kuliko kifaa kinavyoweza kuibeba, mawimbi hukatwa vichwa, na kichwa kilichokatwa hakirudi. Ukipunguza sauti baadaye, kinachopungua ni ukubwa wa uharibifu tu. Nilihangaika na programu za kusafisha sauti mpaka alfajiri.

Niliporudisha begi nikaeleza. Mtunza stoo akakiwasha kifaa, akakizima. "Kifaa ni kizima. Kosa lako." Hilo lingeisha hapo, ningelimeza. Lakini kwenye uwasilishaji mhadhiri aliicheza kazi yangu darasani kwa sekunde chache tu, akaisimamisha, akaniuliza mbele ya watu, "Hivi wewe hujui kuweka levo?" Mhadhiri ni yuleyule wa kalamu nyekundu. Nilitamani kumletea karatasi yangu ya mtihani nimwonyeshe mwandiko wake. Sikuwa na ujasiri huo. Ningekuwa nao sasa.

Hukumu yangu basi ilikuwa hii, na niliisema kwa kila aliyeniuliza: msisome shahada hii, nunueni kinasa sauti mkajifunze wenyewe. Niliisema karibu mwaka mzima.

Lakini nitakuwa mwongo nikiishia hapo, kwa sababu kulikuwa na mwalimu wa nadharia. Madesa ya nadharia ndiyo wanafunzi wote huyakariri usiku wa mtihani na kuyasahau asubuhi: Lasswell, msomi wa Marekani, na swali lake la 1948 la kuchambua mawasiliano, nani anasema nini, kwa njia gani, kwa nani, na kwa athari gani. Mwalimu huyu hakutukaririsha. Alipofika kwenye mlinda lango, yaani mtu anayeamua habari ipi ipite na ipi itupwe, alitusimulia utafiti wa David Manning White, uliochapishwa mwaka 1950. White alimpata mhariri wa gazeti dogo huko Marekani, akamwomba kwa wiki moja asitupe taarifa yoyote ya mashirika ya habari anayoikataa, aandike juu yake sababu ya kuikataa. Takriban sehemu tisa katika kumi zilikataliwa. Baadhi alizitupa kwa kukosa nafasi gazetini, na nyingi nyingine kwa sababu za moyoni mwake tu: hii propaganda, hii sijali.

Kisha akatugawia rundo la taarifa 40, tuchague 4, tuandike sababu kwa kila tuliyoitupa. Mimi niliandika "haivutii" kwenye taarifa 11. Alipita nyuma yangu, akasoma, akaweka kidole juu ya neno hilo na kuuliza taratibu, "Haimvutii nani, mwanangu?" Sikuwa na jibu. Moja kati ya zile 11 ilikuwa ya kisima kilichokauka kwenye kijiji. Nilikuwa sijawahi kuchota maji kisimani, basi nikaona hakuna habari pale. Nimekaa nalo swali lile mpaka leo. Kila ninapofungua taarifa ya habari nasikiliza pia kile ambacho hakikusomwa, na hakuna kifaa cha kuazima stoo ambacho kingenifundisha hivyo. Alitufundisha pia utafiti wa McCombs na Shaw, wasomi wawili wa Marekani, waliohoji wapiga kura 100 wasio na uamuzi kule Chapel Hill kwenye uchaguzi wa 1968 na kuona kwamba mambo waliyoyapa uzito yalifanana mno na yale yaliyopewa uzito na vyombo vya habari. Huo aliutumia kutuuliza nani aliyetupangia sisi mambo ya kubishania wiki ile. Tulibishana mpaka darasa jingine likaja kugonga mlango.

Kwa sababu ya mwalimu huyo mmoja nilibadili kauli. Nikawa nasema: someni, ni shahada nzuri. Na ninaposema hivyo hasira inanirudia upya, maana aliyetufundisha kuuliza nani analinda lango na kwa sababu gani alikuwa anafundisha hatua ishirini kutoka kwenye mlango wenye kufuli, na idara nzima haikuona haya. Nadharia bila studio ni nusu. Studio bila nadharia ni nusu vilevile, nimekutana nayo kazini: mafundi hodari wa sauti wanaorusha hewani chochote wanachopewa. Ila sisi ile nusu ya kwanza tuliilipia ada nzima.

Kwa hiyo sijui nikushauri usome au usisome. Ninachojua ni kwamba kabla ya kujaza fomu ufike chuoni siku ya kawaida, si siku ya wageni. Usiombe kuonyeshwa studio, watakuonyesha. Omba kuona daftari la kuazima vifaa. Tazama ni mara ngapi jina la mwanafunzi wa mwaka wa kwanza limeandikwa humo. Waulize wanaomaliza ni lini mara ya mwisho taa ile nyekundu iliwaka nao wakiwa ndani.

Mama mstaafu nilimrudia. Nilikwenda na kinasa cha kuazima kwa rafiki, nikamwomba msamaha. Hakunilaumu. Alininyang'anya hedifoni nilizozining'iniza shingoni, akanivika mwenyewe masikioni na kusema, "Sikio kwanza, swali baadaye." Tukarekodi upya na nikafaulu mradi. Lakini masimulizi hayarudi yalivyokuwa. Mara ya kwanza alinisimulia siku aliyoiona taa nyekundu ikimwakia kwa mara ya kwanza, akasahau jina lake mwenyewe, na fundi upande wa pili wa kioo akalichora hewani kwa kidole, herufi moja moja, mpaka akalikumbuka. Mara ya pili alisema tu, "Niliogopa kidogo, kisha nikazoea."

Faili lile lililoharibika bado ninalo. Nimelisikiliza mara nyingi, lote limepasuka, isipokuwa mahali pamoja karibu na mwisho. Pale anaposimulia habari ya kidole cha fundi alikuwa ameshusha sauti, karibu anong'one, na sekunde hizo zinasikika safi kabisa.