Silent Hunter III: gemu la nyambizi linalodai masikio na hesabu

Laptopu yangu ni ya mtumba, nimeinunua Mwanjelwa, na magemu mapya haiyawezi. Silent Hunter III inaliendesha bila kukwama, maana ni gemu la 2005, limetengenezwa Bucharest, Romania. Unakuwa nahodha wa nyambizi ya Ujerumani katika Vita Kuu ya Pili, kuanzia 1939 hadi 1945. Pamoja na uzee wake, kwenye kurusha topedo, yaani kombora linalokwenda chini ya maji, sijapata gemu linaloniridhisha kuliko hili.

Mwanzoni kompyuta ndiyo inayokulengea. Nenda kwenye mipangilio ya ugumu uuzime msaada huo, ndipo utamu unaanza. Topedo huelekezwa mahali meli itakapokuwa, kwa hiyo lazima ujue umbali wake, imekuelekezea ubavu kwa pembe gani, na inakwenda kasi gani. Kasi ndiyo ninayoipenda zaidi. Unatia alama kwenye ramani pale meli ilipo, unawasha saa, unasubiri dakika 3 na sekunde 15, unatia alama ya pili. Kila mita 100 kati ya alama hizo ni noti 1, kipimo cha kasi ya meli. Ukipata mita 700, meli inakwenda noti 7. Hesabu inakubali kwa sababu noti 1 ni mita 1,852 kwa saa. Ukishaingiza namba zako, ukarusha, ukahesabu sekunde mpaka mlipuko usikike, raha yake huwezi kuipata kwa kulengewa.

Halafu sauti. Vaa hedifoni. Chini ya maji huoni kitu, unageuza haidrofoni, kifaa cha kunasa sauti majini, polepole na kusikiliza: meli ya mizigo inapiga pangaboi kwa uzito, manowari inayolinda msafara inakwenda haraka haraka. Ikikugundua, unaagiza ukimya, mabaharia wananong'ona, nawe unasikia mabomu ya kina, yale yanayolipukia chini ya maji, yakitumbukia juu yako. Usiku wa Juni hapa Mbeya, nimejifunika blanketi, mtaa umetulia, nimewahi kubana pumzi kwelikweli.

Sasa kasoro, na kubwa ni uchovu wa mabaharia. Mtu kuchoka ni haki, ila gemu linakulazimisha uwahamishe mmoja mmoja, kutoka chumba cha injini kwenda vitandani na kuwarudisha, safari nzima. Nahodha gani anafanya kazi hiyo? Maafisa wapo, wangepanga zamu wenyewe. Nyambizi wenzako nao huwaoni wakishambulia pamoja nawe, wakati katika vita halisi Wajerumani walivamia misafara kwa makundi. Na meli ikizama unaandikiwa tani zake tu. Watu waliokuwamo hawatajwi, na hilo linanikera kila mara, kwa sababu wengi wao walikuwa mabaharia wa kawaida waliobeba chakula na mafuta.

Safari ni ndefu. Muda unaweza kuuharakisha hadi mara 1,024, lakini mdogo wangu alikaa nami akaishia kuuliza, “Kaka, mbona hatufiki?” akaenda zake kuangalia mpira. Simlaumu. Ila ukivumilia hadi 1943 utaona vita vinavyobadilika: ndege zinaongezeka, rada zinakupata usiku, na kukaa juu ya maji kuchaji betri kunakuwa hatari. Hapo gemu ni la kweli kabisa, maana Mei mwaka huo peke yake Wajerumani walipoteza nyambizi zipatazo 40.

Kwa sisi ambao umeme hukatika bila taarifa, kusevu ni muhimu, ila sevu ukiwa juu ya maji, mbali na adui. Faili zinazosevwa katikati ya shambulio zina sifa mbaya ya kugoma kufunguka. Picha ni ya 1024 kwa 768, kwenye skrini pana inavutika na meli zinaonekana fupi na nene. Na tafuta mausi, hata ya bei ndogo. Kuzungusha periskopu, darubini ya nyambizi, kwa kidole kwenye padi ya laptopu ni mateso, na meli haikusubiri.