Duka la vipuri jirani na soko la Kadutu: rezista, rangi zake na pakiti iliyosomwa kinyume

Kwa miezi kadhaa nimekuwa nikinunua vipuri vya elektroniki katika duka dogo lililo jirani na soko la Kadutu, hapa Bukavu, na ninalipendekeza kwa fundi yeyote kwa sababu moja kubwa: muuzaji wake anajua kusoma anachokiuza. Rezista, yaani vipuri vya kuzuia mkondo wa umeme ambavyo wengi wetu tunaviita rezistansi, hazikumwagwa katika bakuli moja bali zimepangwa kwenye droo kwa mfuatano wa 10, 12, 15, 18, 22, 27, 33, 39, 47, 56, 68 na 82, yaani mfuatano uliochapishwa kuwa kanuni ya kimataifa mwaka 1952. Mteja akiomba ya kilo-omu 50 (omu ni kipimo cha kuzuia huko, na kilo-omu ni omu 1,000), huelezwa kwamba katika zile zinazoruhusiwa kupotoka kwa asilimia 10, ya 47 yaweza kufika 51.7 na ya 56 yaweza kushuka hadi 50.4, kwa hiyo hakuna pengo la kuzibwa.

Juu ya rafu kuna redio kuukuu ya valvu ambayo haiuzwi. Muuzaji alinifungulia nyuma yake, nami nikaona rezista isiyo na mstari hata mmoja: mwili wa njano, ncha ya zambarau, nukta nyekundu katikati. Ndivyo chama cha watengenezaji wa redio wa Marekani kilivyoanza kuzitia alama katika miaka ya 1920, kwa kuwa kuchapa tarakimu kwenye kitu chembamba cha mviringo kulikuwa kugumu, na maandishi yangeweza kufichwa upande wa chini. Njano ni 4, zambarau ni 7, nyekundu ni sifuri mbili za kuongeza: omu 4,700. Rangi hizo zilipohamia kwenye mistari inayozunguka mwili mzima, maana yake haikubadilika, na anayejua kusoma redio ile anaweza kusoma rezista iliyotengenezwa juzi.

Kasoro niliyoipata ilikuwa katika sanduku la rezista za asilimia 1, zenye mistari mitano, lililofungwa na kampuni ya mbali. Nilikuwa nikitengeneza amplifaya ya kwaya yetu, nikachukua rezista kutoka pakiti iliyoandikwa omu 120, na sauti ikakataa kabisa kutoka. Mita ilinionyesha omu 10,000. Nilirudi dukani nikiwa na hasira, lakini muuzaji aliigeuza tu mkononi mwake akasema, “Papa, anzia upande huu.” Kahawia ni 1, nyeusi ni 0, nyekundu ni 2; mistari mitatu ya kwanza ni tarakimu, wa nne ni idadi ya sifuri, wa tano ni asilimia ya kupotoka. Kahawia, nyeusi, nyeusi, nyekundu, kahawia ni omu 10,000, ukianzia upande wa pili unapata kahawia, nyekundu, nyeusi, nyeusi, kahawia, yaani omu 120, na zote mbili ni thamani halali. Rezista za zamani za mistari minne hazikuwa na mtego huo, kwani mstari wa dhahabu wa asilimia 5 au wa fedha wa asilimia 10 hausimami kamwe mahali pa tarakimu ya kwanza, hivyo ulikuonyesha pa kuanzia. Naona tulipopata usahihi zaidi tulipoteza alama hiyo njema, na jambo hilo linanisikitisha. Pakiti ilibadilishwa bila malipo wala mabishano.

Kapasita, yaani vipuri vya kuhifadhi chaji ya umeme, pia ni nzuri. Zile za kauri zilizoandikwa 104, yaani 10 na sifuri nne za pikofaradi, sawa na nanofaradi 100, nilizipima zikalingana. Droo ya vipuri vidogo vya kubandikwa juu ya bodi ndiyo dhaifu: rezista iliyoandikwa 103 na iliyoandikwa kwa msimbo mwingine, 01C, zimetenganishwa, ilhali zote ni kilo-omu 10, na taa ya dukani haitoshi kusoma herufi hizo. Nenda asubuhi, simama karibu na mlango, na ubebe mita yako.